Kufunika Kichwa Ibadani: Shela, Kitambaa, Kofia au Nywele Zenyewe?

Mwanamke anayeamua kufunika kichwa ibadani mara nyingi huanza na swali la kitambaa: lesi au pamba, nyeupe au nyeusi, fupi au ndefu. Afadhali angeanza na swali la maana. Anayefunika ili nywele zisionekane anahitaji nguo tofauti kabisa na anayefunika ili kuonyesha ishara. Manung'uniko mengi yanayosikika makanisani (shela inaonyesha kila kitu, kilemba hakihesabiki, binti kavaa rangi isiyo yake) yanatokana na kuchagua vazi la maana moja na kulidai litimize nyingine. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na maana, unakuja kwenye nguo, kisha unaingia kwenye wakati wa kuvaa. Hilo la mwisho watu hulisahau, ilhali ndilo linaloamua kama utadumu na vazi lako au utalichoka mapema.

## Andiko linasema nini, na linanyamaza wapi

Njia zote zinatoka 1 Wakorintho 11:2–16. Paulo aliandika barua hiyo kati ya mwaka 53 na 55 hivi, kwa kanisa lililokuwa katika koloni la Kirumi: Korintho iliyobomolewa na Warumi mwaka 146 K.K. ilijengwa upya kwa amri ya Julius Kaisari mwaka 44 K.K. Mwanamume wa Kirumi aliyetoa sadaka kwa miungu yake alijivutia toga hadi utosini, na sanamu ya Kaisari Augusto iliyochimbuliwa Korintho inamwonyesha akiwa hivyo hivyo. Kwa hiyo Paulo alipowaambia wanaume waombe vichwa wazi, alikuwa akiwavua kitu ambacho jirani zao walikihesabu kuwa uchaji. Fungu hili linahusu vichwa vya wanaume na vya wanawake, na kanisa linalowadai wanawake ushungi huku wanaume wakiomba na kofia limesoma nusu yake. (Askofu Mkatoliki mwenyewe huvua kile kikofia chake cha duara kabla ya Sala ya Ekaristi na kukirudisha baada ya Komunyo.)

Andiko linataja vitendo viwili, kusali na kuhutubu, yaani kutoa unabii. Halitaji jengo. Halitaji kipimo, rangi, umri wala aina ya kitambaa. Wala halimtenganishi waziwazi bikira na mke, na hapo ndipo Tertullian wa Karthago, mwandishi Mkristo wa kale, mwanzoni mwa karne ya 3, alipoandika kitabu kizima kuwabana mabinti waliokuwa wakiingia ibadani vichwa wazi huku mama zao wamefunika.

Aya tatu ndizo zilizozaa mila zinazotofautiana. Aya ya 10 inazungumzia mamlaka juu ya kichwa cha mwanamke, kwa ajili ya malaika. Aya ya 15 inasema mwanamke amepewa nywele ndefu ziwe vazi. Aya ya 16 inawajibu wabishi kwamba makanisa ya Mungu hayana desturi kama hiyo, na mpaka leo watu wanabishana ni desturi ipi: ya kufunika, ya kutofunika, au ya kubishana kwenyewe. Ukijua kanisa lako linaegemea aya ipi, umeshapata nusu ya jibu.

## Maana, zikiwekwa bega kwa bega

Ishara ya utaratibu. Hapa msingi ni aya ya 3: Mungu ni kichwa cha Kristo, Kristo ni kichwa cha mwanamume, mwanamume ni kichwa cha mwanamke. Vazi linautangaza utaratibu huo mbele ya watu na malaika. Hivyo ndivyo wanavyofundisha Waamishi na Wamenoni wahafidhina, jumuiya za Kikristo zinazoshika maisha ya kizamani, na makusanyiko mengi ya Ndugu, wale waitwao Plymouth Brethren. Miongoni mwa Wamenoni wa Marekani wa mwanzo wa karne ya 20, kufunika kichwa kulihesabiwa pamoja na ubatizo, Meza ya Bwana na kutawadhana miguu katika orodha ya maagizo saba ya kanisa. Kwa kuwa ni ishara, kazi ya kwanza ya vazi hili ni kutambulika. Si lazima lifiche kila unywele, ila lisionekane kama pambo.

Ishara ya mamlaka yake mwenyewe. Wengine wanaisoma aya ya 10 kwa upande wa pili. Mwanamke ana mamlaka, na vazi linaonyesha kwamba anaposimama kuomba au kutoa unabii mbele ya kusanyiko, amesimama kwa haki. Kigiriki cha aya hiyo kinasema tu "mamlaka juu ya kichwa". Neno "dalili" limeongezwa na watafsiri wengi, na Biblia ya Union imeenda mbali zaidi kwa kusema "dalili ya kumilikiwa". Katika kuchagua nguo, tofauti hii haibadilishi hata uzi mmoja. Inabadilisha jibu. Wanawake wawili wanaweza kuketi benchi moja na kitambaa kile kile, mmoja akimaanisha yuko chini ya mamlaka, mwenzake akimaanisha anayo. Binti yako atauliza, na wageni watauliza, kwa hiyo lijue jibu lako kabla ya kuvaa.

Heshima mbele ya kitakatifu. Huu ni usomaji wa Kikatoliki zaidi. Kalisi (kikombe cha divai ya misa) hufunikwa, siborio (chombo cha hostia) hufunikwa, tabernakulo (kisanduku kinachotunza Ekaristi) huvikwa pazia. Kinachofunikwa ni kile kilichobeba utakatifu, na mwanamke anayejifunika mbele ya Ekaristi anajiweka katika safu hiyo. Upande wa sheria uko wazi kuliko mabishano yanavyofanya uonekane. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 1262, iliwataka wanaume wawe vichwa wazi na wanawake wafunike, hasa wanapokaribia meza ya Bwana. Mwaka 1976 tamko la Vatikani liitwalo *Inter insigniores* lilitaja agizo la utaji kuwa la nidhamu ndogo ambalo halina tena nguvu ya kuwafunga waamini. Sheria ya mwaka 1983 iliifuta ile ya 1917 na haikurudisha kanuni hiyo. Mkatoliki anayevaa leo anavaa kwa hiari ya moyo wake. Anayemwambia jirani yake kwamba anatenda dhambi kwa kutovaa anamtwika sheria isiyokuwepo, na anayemcheka anayevaa hana sheria ya kuegemea pia.

Stara. Maana hii ni ya zamani na ndiyo yenye masharti makali ya kitambaa. Tertullian aliwadhihaki waliojifunga mikanda ya sufu kichwani wakadhani wamefunika, pamoja na waliojibandika kijitambaa cha kitani utosini kisichofika hata masikioni. Kipimo chake kilikuwa kimoja: ushungi ufike pale nywele zinapofika zikifunguliwa. Mapokeo ya Mitume, maandishi ya kale yanayohusishwa na Hippolytus wa Roma, yanaagiza wanawake wafunike kwa nguo nzito, si kwa kitani chepesi, kwa kuwa hicho si ushungi. Yohane Krisostomu naye alihubiri kwamba kichwa kizungushiwe pande zote kwa uangalifu. Makanisa ya Kiorthodoksi ya Urusi na ya Ethiopia, pamoja na Wakopti wa Misri, bado yana mkondo huu, ingawa Waorthodoksi wengi wa Ugiriki wameacha kufunika nje ya monasteri. Kwa anayeshika stara, lesi yenye matundu haifanyi kazi yoyote.

Nywele zenyewe ndizo vazi. Wapentekoste wa Umoja, kama wale wa United Pentecostal Church, wanasimama kwenye aya ya 15. Mwanamke asikate nywele zake, basi amekwisha kufunikwa. Hapa watu wengi hukosea kwa kupima urefu. Fundisho ni kutokata, na nywele zinazokatika zenyewe zikabaki fupi hazimhukumu mtu. Hoja dhidi yake iko katika aya ya 6, inayosema asiyefunika na akatwe nywele. Kama nywele ndizo vazi, asiyefunikwa ni yule ambaye tayari hana nywele, sasa atakatwa nini? Wenye fundisho hili hujibu kwamba kutofunika maana yake ni kuzipunguza, na aliyeanza kuzipunguza na amalizie. Kivitendo, njia hii haina kitu cha kufua wala kupiga pasi, lakini inamwacha bila jibu rahisi mwanamke aliyepoteza nywele kwa ugonjwa au kwa dawa za saratani. Wengi wa hao huishia kwenye kitambaa, na hakuna sababu ya kuwalaumu.

Wakfu. Shela ya mtawa ni habari nyingine. Hutolewa katika ibada maalumu, na katika mashirika mengi ya watawa mnovisi, yaani aliye bado katika malezi, huvaa nyeupe na aliyeweka nadhiri nyeusi. Mlei aepuke kitambaa cheusi kisicho na pambo kilichobanwa juu ya utepe mweupe wa paji la uso, maana atasalimiwa kama sista.

Desturi ya zama zile. Waprotestanti wengi husema kanuni ya adabu inabaki, kitambaa kilikuwa namna ya Korintho ya kuitimiza. Anayechagua hivi huomba kichwa wazi bila hatia. Mwiba wake ni kwamba Paulo hakujenga hoja juu ya desturi peke yake, alitaja pia uumbaji na malaika. Mwiba wa anayefunika ni kwamba mistari hiyo hiyo haimwambii afunike kwa kitu gani na kwa kiasi gani.

## Vazi kwa vazi

| Vazi | Kipimo | Maana linayoitumikia vizuri | Linapokwama |
|---|---|---|---|
| Shela ya lesi (nusu duara au pembetatu) | upana sm 100–130, kina sm 45–60 | heshima mbele ya Ekaristi | kuteleza, kunasa hereni, kutoficha nywele |
| Kitambaa cha mraba kilichokunjwa pembetatu | sm 90 × 90 | stara, utaratibu, mamlaka | fundo kulegea |
| Mtandio mrefu | sm 180 × 70 | stara kamili | joto, ncha kukanyagwa |
| Kofia ya organdi (pamba nyembamba iliyokazwa) ya Waamishi na Wamenoni | hushonwa kwa kipimo cha kichwa | utaratibu | kupondeka. Inataka wanga na pasi |
| Kiduara cha lesi | kipenyo sm 20–25 | ishara tu | kuanguka ukiinama |
| Kofia ya ukingo mpana | – | ishara, pale inapokubalika | kumziba aliye nyuma |

Lesi ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayosumbua kuliko zote. Ni nyepesi, iko juu ya nywele zinazoteleza, na uzito wake wote unaning'inia nyuma, kwa hiyo kila unapoinua uso inarudi nyuma kidogo. Pini mbili za nywele zilizochomekwa sambamba hazitoshi. Zichomeke zikikatana, kila upande mbili. Dawa nzuri zaidi ni kitana kidogo chenye upana wa sm 4 hadi 6, kilichoshonwa upande wa ndani, katikati ya ukingo wa mbele, meno yakielekea kisogoni. Hapo shela inapovuta nyuma, meno yanazama zaidi katika nywele. Ukiyaelekeza mbele, uzito ule ule unayang'oa. Mwenye nywele fupi sana au aliyenyoa hana mahali pa kuchomeka kitana, hivyo avae chini yake utepe wa mahameli wenye upana wa sm 4 au 5, kwa kuwa manyoya ya mahameli hukamata lesi ambayo ngozi na satini huiachia.

Kabla ya kununua, nyoosha mkono wako ndani ya shela na uusogeze. Lesi yenye nyuzi zilizo wazi upande wa chini hunasa pete, vifungo na rozari. Yenye wavu mwembamba ulioshikizwa vizuri haina shida hiyo. Ifuliwe kwa mkono katika maji ya vuguvugu, isikamuliwe, ikaushwe ikiwa imelazwa, la sivyo nusu duara itageuka umbo lisilo na jina.

Kitambaa cha pembetatu ndicho tungempa anayeanza na hajui bado maana ipi itakaa naye. Kinafunika, ni rahisi kufua, na karibu kila kanisa linalofunika kichwa litakipokea. Makosa yake yote yako katika ufungaji.

Piga pasi kwanza. Kikunje kwa mshazari, lakini ncha ya juu iachwe nyuma ya ile ya chini kwa sm 3, ili pindo mbili zisilaliane na kutengeneza kigongo. Mraba wa sm 90 unakupa ukingo wa sm 127 hivi, unaotosha kichwa cha kawaida. Mwenye nywele nyingi au misuko minene achukue mraba wa sm 100 hadi 110, vinginevyo ile pembe ya nyuma haitafika kwenye fundo. Weka ukingo uliokunjwa pale nywele zinapoanzia, usiuweke katikati ya paji, kwa sababu utashuka machoni. Peleka ncha mbili kisogoni, zipitishe juu ya pembe inayoning'inia, ufunge: kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia. Ukirudia upande ule ule mara mbili, fundo litateleza kabla mahubiri hayajaisha. Mwisho ivute pembe ya nyuma kwa chini mpaka kitambaa kikaze utosini, na kinachobaki ukichomeke ndani ya fundo. Anayefunga ncha chini ya pembe, badala ya juu yake, hujikuta na kitambaa kinachopeperuka kila anapogeuka.

Kufunga chini ya kidevu, kama wanavyopenda wanawake wengi wa Urusi, huficha shingo na masikio, kwa hiyo kunaitii stara zaidi. Lakini taya likitembea kwa kuimba, fundo hulegea. Pini moja chini ya kidevu ni bora kuliko fundo. Kitambaa kisiwe kizito masikioni, maana pamba nene hupunguza sauti, na mwanakwaya asiyesikia sauti ya jirani yake hushuka ufunguo.

Mtandio mrefu una mfano wake mzuri katika netela ya Ethiopia, pamba nyeupe nyepesi yenye ukingo wa rangi uliofumwa, inayozungushwa kichwani na mabegani. Siri yake ni wepesi wa pamba: inafunika kila kitu bila kumchemsha mvaaji. Poliesta ya kipimo hicho hicho, ndani ya jengo lililojaa watu, humfanya mtu ahesabu dakika. Kwa wanaosujudu, ncha ya mbele ivushwe bega la upande wa pili na ibanwe huko. Ikiachwa ikining'inia, goti litaikanyaga wakati wa kuinuka na ushungi wote utavuka.

Kofia ya organdi haina maana sana nje ya jumuiya zake. Umbo, idadi ya mikunjo na upana wa kitepe husema mvaaji ni wa usharika gani, na katika jumuiya nyingi za Waamishi msichana ambaye hajaolewa huvaa nyeusi ibadani na aliyeolewa nyeupe. Ukiivaa bila kuwa wa huko unasema usichokijua. Kiduara cha lesi kinatosha kama ishara, hakitoshi kwa lolote zaidi, na bila pini mbili kitakuwa sakafuni wakati wa kupiga goti. Kofia ya ukingo iko salama pale mila ya kanisa inapoijua. Kinachoiharibu ni ukubwa, pale inapogeuka kuwa pambano la nani ana pana zaidi. Hapo aya zote zinazozungumzia unyenyekevu zimesahaulika.

Kuhusu kilemba: wenye kushika utaratibu wengi hukikubali, wenye kushika stara wengi hukikataa kwa kuwa shingo na masikio yako nje. Uliza kabla. Na kama unakivaa siku zote sokoni na kazini kama mtindo, ibadani hakitasema kitu kipya kwa anayekutazama.

## Rangi

Hakuna andiko la rangi. Ile desturi ya Kikatoliki ya nyeusi kwa walioolewa na wajane, nyeupe kwa ambao hawajaolewa, ni desturi tupu, na mwanamke aliyeolewa akivaa buluu au kahawia hajavunja chochote. Katika Congregação Cristã no Brasil, kanisa lililoanza mwaka 1910, shela ni nyeupe kwa wanawake wote. Warusi wengi hufuata kalenda: nyekundu au nyeupe Pasaka, buluu sikukuu za Mama wa Mungu, rangi nzito wakati wa Kwaresima. Ukitaka kitu kimoja cha kudumu, chagua rangi iliyo karibu na rangi ya nywele zako. Haivuti macho, na ikiteleza kidogo hakuna anayeona.

## Wakati wa kuvaa

Hapa ndipo uamuzi unapokuwa mzito, kwa sababu vazi la saa mbili kwa wiki na vazi la kutwa si nguo moja.

Wa *ibadani tu* wanaweza kumudu lesi, organdi, chochote kinachohitaji matunzo. Kitunzwe ndani ya mfuko wa kitambaa pamoja na pini zake. Shela isiyo na pini ndani ya mkoba ndiyo inayoishia kushikwa kwa mkono kutoka wimbo wa kuingia hadi baraka.

Wa *kila asalipo* wanamsoma Paulo kwa neno lake: anaposali au anapohutubu, popote alipo, hata mezani na kando ya kitanda cha mgonjwa. Hawa wanahitaji kitu kinachokunjika: pamba ya pembetatu ndogo, mraba wa sm 60 hadi 70, isiyohitaji pasi, moja ndani ya mkoba na moja nyumbani. Mashahidi wa Yehova wana namna yao ya karibu na hii. Dada hufunika kichwa pale hali inapomlazimu kuongoza sala au funzo ambalo kwa kawaida lingeongozwa na ndugu, na asipokuwa na kazi hiyo hafuniki.

Wa *kutwa nzima* huunganisha 1 Wakorintho 11 na agizo la kusali bila kukoma katika 1 Wathesalonike 5:17. Ndivyo wanavyofanya Waamishi na Wamenoni wahafidhina. Hapa sahau lesi. Pamba au jezi nyepesi, zisizopungua tatu au nne ili moja iwe mwilini, moja kwenye maji na moja kavu. Hatari isiyozungumzwa iko kwenye nywele za mbele na za pembeni: ukingo unaokaza mahali pale pale kila siku hukata nywele za kwenye kipanda uso na paji, na mvutano wa miaka mingi unaweza kuzimaliza zisiote tena. Usifunge hadi uhisi mapigo ya damu. Sogeza fundo mahali tofauti siku hadi siku, na chini yake vaa kikofia cha satini, kwa kuwa pamba hunyonya mafuta ya nywele na kuziacha kavu. Satini yenyewe huteleza, hivyo utepe wa mahameli uwe juu yake, usiwe chini.

Umri wa kuanza hutofautiana kwa sababu ile ile ya maana. Wanaoona ishara ya mwamini huanza ubatizo wa utu uzima unapofanyika. Wanaoona stara au heshima huwavika watoto wadogo, na hapo kitambaa kifungwe nyuma, kisizunguke shingo, wala pini zisitumike kwa mtoto atakayelala begani.

## Vitu vinavyoharibika katikati ya ibada

Kipaza sauti cha kubana kifuani hukwaruza kila ncha ya mtandio inapokigusa, na fundi mitambo atapunguza sauti badala ya kujua chanzo. Msomaji wa masomo abane ncha nyuma, au kipaza sauti kibanwe nje ya nguo, juu ya pindo.

Mishumaa ya Mkesha wa Pasaka ni hatari ya kweli. Pamba hushika moto. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Usiku huo acha ncha ndefu na lesi ya nailoni, vaa pamba iliyobanwa karibu na kichwa.

Kwa kupakwa mafuta, paji la uso liachwe wazi angalau vidole vitatu, au kitambaa kiwe cha kurudishwa nyuma kwa mkono mmoja. Mafuta yakishafika kwenye lesi hayatoki kwa maji peke yake. Paka sabuni ya maji mahali penye doa kabla ya kulowesha, acha dakika kumi, kisha suuza.

Kwa ubatizo wa kuzamishwa, chifoni huelea na kufunika uso mtu anapoinuliwa, jambo linalotisha zaidi ya linavyosikika. Pamba nyepesi iliyofungwa kisogoni kwa lile fundo la kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, hukaa mahali pake. Jezi nene hunywa maji na kuvuta shingo.

## Kwa hali yako

Ukiwa Mkatoliki na unavutwa na heshima ya Ekaristi: lesi yenye kitana, ibadani tu, na umwache jirani yako na kichwa chake. Ukiwa katika kusanyiko la Ndugu au la Kimenoni, waulize wazee vipimo kabla ya kushona, kwa sababu huko upana wa kitepe una maana kuliko unavyofikiri. Ukiwa umeshawishika na stara, usinunue kitu chochote ambacho ukikiinua mbele ya dirisha unaona mkono wako. Ukiwa peke yako unayefunika katika kanisa lisilofunika, chagua kinachofanana na mavazi ya kila siku, pamba ya rangi tulivu iliyofungwa kisogoni, na uzungumze mapema na mchungaji wako ili usidhaniwe umehama dhehebu.

Mke na mume wasiposoma fungu hili kwa namna moja, jambo hili liamuliwe nyumbani mapema, si mlangoni mwa kanisa. Kama mume anadai kitambaa na mke haamini, kitambaa cha kulazimishwa hakitangazi utaratibu, kinatangaza ugomvi. Kama mke anataka na mume anaona haya, kuanza na sala za nyumbani huwapa wote muda.

Na ukitembelea monasteri ya Kiorthodoksi, pale langoni mara nyingi kuna kapu la vitambaa vya wageni. Chukua, funga kisogoni, rudisha ukitoka. Hapo huulizwi unaamini nini kuhusu aya ya 10, unaombwa tu kuwaheshimu wenyeji. Lakini beba chako ukiweza, kwa sababu vya kwenye kapu vinaweza kuwa vya satini, na umeshajua satini hufanya nini.